Ruksa: kauli iliyofungua maduka

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka kilo moja ya sukari alianzia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ndiye aliyejua kaya ina watu wangapi, ndiye aliyethibitisha jina kwenye orodha ya duka, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia kuwa gari la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, limeshusha mzigo. Kisha ilikuja foleni. Waliowahi alfajiri waliacha jiwe, ndala au kipande cha tofali kishike nafasi, wakarudi nyumbani kunywa uji usiotiwa kitu, na duka likifunguliwa kila mtu alisimama palipo na jiwe lake. Mpita njia akiona foleni alijipanga kwanza. Kinachouzwa aliuliza baadaye.

Sukari ilikuwa sehemu ndogo tu. Kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana kulihitaji kibali, kwa kuwa mafuta yalikuwa haba. Kuagiza bidhaa kutoka nje kulihitaji leseni, na leseni bila mgao wa fedha za kigeni kutoka Benki Kuu ilikuwa karatasi tu. Kukutwa na dola mfukoni lilikuwa kosa. Bei za bidhaa zaidi ya elfu moja zilipangwa na Tume ya Bei, na bidhaa nyingine zilitengewa mashirika maalumu ya umma, yasiuzwe kwa jumla na mtu mwingine yeyote. Hata kukaa mjini kulikuwa na masharti yake: sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na misako ya mwaka huo iliwasomba watu mitaani na kuwapeleka vijijini wakalime.

Kuyataja haya si kuwadharau walioyaanzisha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitokana na hasira ya kweli dhidi ya unyonyaji, na serikali iliyotaifisha mabenki na makampuni makubwa ndiyo iliyojenga shule za msingi na zahanati mahali ambapo mkoloni hakuwahi kupeleka hata muuguzi. Biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa shirika moja, STC, lililogawanywa mwaka 1973 na kuzaa kampuni za biashara za mikoa, yaani RTC. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya kijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila hatua ilimwondoa mtu mmoja zaidi kati ya wale waliojua bidhaa inatoka wapi na mnunuzi yuko wapi.

Halafu mabaya yakaja kwa mfululizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya kahawa ikashuka, viwanda vikakosa vipuri, na kiwanda kisicho na vipuri hakitoi sabuni. Kila kilichopungua kilitengenezewa orodha, na kila orodha ilizaa mtu wa kuisaini. Hivyo ndivyo kibali kilivyokua hadi kuwa bidhaa yenyewe, iliyotafutwa kwa bidii kuliko saruji au bati iliyoandikwa juu yake.

Watu hawakukaa wakisubiri. Mafuta ya Kimbo na dawa ya meno kutoka Kenya vilipita njia za panya karibu na Namanga, Holili, Tarakea na Sirari, na kahawa ya Kilimanjaro ilivuka kuelekea upande wa pili. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria maalumu ilitungwa, mahakama maalumu ikaundwa, na maelfu wakakamatwa. Wazee wa miji mingi bado husimulia namna mabunda ya vitenge na katoni za sabuni zilivyookotwa vichakani na mitoni, zimetupwa usiku na wenyewe.

Sokoine anakumbukwa zaidi kwa msako ule, na kwa ajali ya gari iliyomuua Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Wengi husahau kuwa mwaka ule ule wa msako, serikali aliyoiongoza ilitoa ruhusa moja iliyodumu kuliko kesi zote za uhujumu: iliwaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria Dar es Salaam.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana kisa cha daladala kinaonyesha namna ruhusa ilivyokuwa ikizaliwa. Usafiri wa jiji ulikuwa mikononi mwa UDA, shirika la umma. Mabasi yake, yakiwemo yale marefu ya Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, yaliharibika upesi kuliko yalivyotengenezwa, na mtumishi wa Temeke au Ubungo alijua kuwa kufika ofisini saa moja na nusu ni bahati. Pengo hilo lilizibwa na magari ya watu, mengine yakiwa pikapu zilizofungwa mabenchi mawili yanayotazamana, zilizoitwa chai maharage. Yalikuwa kinyume cha sheria. Inasimuliwa kwamba yaliposimamishwa na trafiki, abiria wasiojuana walikuwa ndugu papo hapo: wengine wakaanzisha nyimbo za harusi, wengine wakalia kama waendao msibani, na dereva akaapa kuwa hajatoza mtu hata senti. Askari naye alikuwa na mke anayehitaji kufika sokoni, na yeye mwenyewe alihitaji kufika kituoni.

Kwa hiyo mwaka 1983 serikali ilipokubali, haikuanzisha kitu kipya. Ilikubali kuona. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala, na makondakta wakainadi vituoni hadi ikawa jina la gari. Wale wale waliokuwa wahalifu wa asubuhi wakawa watoa huduma wa jioni, gari ni lile lile na benchi ni lile lile.

Mlango wa pili ulifunguliwa Juni 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliposoma bajeti. Aliyekuwa na fedha zake za kigeni nje ya nchi aliruhusiwa kuzitumia kuleta bidhaa, na hakuna ambaye angemuuliza amezipataje. Mtu angeweza kufungwa mwaka 1983 kwa kuwa na fedha hizo. Mwaka mmoja baadaye aliombwa azilete. Katika miezi iliyofuata ziliingia pikapu, vipuri, vitambaa, sabuni na matairi. Rafu za maduka zilizokuwa zimebaki na vumbi na chupa za siki zikaanza kujaa. Bei ilikuwa ya kuumiza, lakini kitu kilikuwepo, na kwa mama aliyemaliza miaka akifua kwa majani ya mpapai hiyo ilikuwa habari kubwa.

Ikumbukwe kuwa wakati huo Mwalimu Julius Nyerere bado alikuwa Ikulu. Historia ya mitaani humpa mrithi wake sifa zote na lawama zote za kufungua nchi, na si haki kwa yeyote kati yao. Ruhusa mbili za mwanzo zilitolewa chini ya mtu ambaye hakuzipenda, kwa sababu nchi ilikuwa imeshafika huko bila yeye.

Mrithi huyo, Ali Hassan Mwinyi, alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akalelewa Unguja na kusomea ualimu. Ualimu haukumtoka kamwe: alipenda Kiswahili kilichopimwa, alikosoa kwa mafumbo, na alikataa kwa upole kiasi kwamba aliyekataliwa alitoka akishukuru. Januari 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu kuteswa na kuuawa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakuwa ameyatenda wala kuyaamuru. Aliona tu kuwa yametendeka chini ya dhamana yake. Akapelekwa kuwa balozi Misri. Januari 1984, Aboud Jumbe alipojiuzulu urais wa Zanzibar, Mwinyi aliushika na kulegeza biashara visiwani mapema kuliko Bara. Mwezi Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Muungano.

Neno lililomganda alilitumia kama mwalimu anavyolitumia darasani mwanafunzi anaponyoosha mkono: ruksa. Wafanyabiashara walilipokea, makondakta wakalichukua, na haukupita muda akawa Mzee Ruksa kwa watu wote, waliompenda na waliomlaumu. Yeye hakulikataa jina hilo. Kitabu cha maisha yake, kilichozinduliwa Mei 2021 alipotimiza miaka 96, kinaitwa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu.

Nyuma ya ruksa kulikuwa na deni. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yamevunjika mwishoni mwa 1979, mwaka ambao Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha kwa kutokubaliana na Nyerere juu ya masharti ya shirika hilo. Agosti 1986 makubaliano yakafikiwa. Dola moja, iliyokuwa na thamani ya takriban shilingi 17 mwaka 1985, ilizidi shilingi 500 kabla Mwinyi hajaondoka madarakani mwaka 1995. Udhibiti wa bei ukapunguzwa mwaka hadi mwaka, na mashirika ya umma yakapoteza ukiritimba wake moja baada ya jingine. Ruksa ya Mwinyi ilikuwa na mashahidi waliokaa Washington.

Lakini ruksa iliyogusa maisha zaidi ilihusu mambo madogo. Marobota ya mitumba yalifunguliwa hadharani, na kijana aliyekuwa na suruali moja akaweza kuwa na tatu. Mishahara ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei hadi haikufikisha familia katikati ya mwezi, kwa hiyo kila nyumba ya mtumishi ilikuwa na mradi. Mwalimu alifuga kuku wa mayai. Karani wa wizara alikuwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba ya serikali Oysterbay au Msasani, mkewe aliuza barafu na maandazi, na mhasibu alikodisha pikapu yake usiku. Maliyamkono na Bagachwa, wasomi waliochapisha utafiti wao mwaka 1990, waliuita uchumi wa pili na kukadiria kuwa ulikuwa sawa na karibu theluthi moja ya ule uliohesabiwa na serikali.

Tatizo ni kwamba miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilikataza haya yote kwa viongozi. Kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, wala nyumba ya kupangisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kiongozi aliyeishika miiko hiyo kikamilifu alikuwa ama na shamba la urithi ama na watoto wenye njaa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, CCM, ilikutana Zanzibar na kuilegeza. Uamuzi huo uliitwa Azimio la Zanzibar, na ubishi wake haujaisha. Wapo wanaoona ulikuwa ukweli uliocheleweshwa. Wapo wanaoona ndipo uongozi ulipogeuka kuwa mtaji, na ushahidi wa miaka iliyofuata unawapa nguvu. Mwandishi wa makala haya anaona kosa halikuwa kuruhusu mradi wa kuku. Kosa lilikuwa kuondoa ukuta wote kwa ajili ya kuku, bila kuweka hata uzio mwingine kati ya ofisi ya umma na mfuko wa mwenye ofisi.

Baada ya hapo ruhusa zilifuatana haraka. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama mwaka 1991. Takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa hoja kwamba asilimia 20 ni watu wengi mno kupuuzwa. Sheria ya vyama vingi ilianza kutumika Julai 1992. Mwaka huo pia yalifunguliwa maduka ya kubadilisha fedha, na dola ikatoka mafichoni. Magazeti binafsi yakaongezeka. Mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata televisheni kwa mara ya kwanza, miaka zaidi ya 20 baada ya Zanzibar, iliyokuwa na ya rangi tangu 1973.

Kipimo kigumu cha ruksa kilikuja Aprili 1993, na hakikuhusu fedha. Kundi la watu lilivamia mabucha ya nguruwe Dar es Salaam na kuyavunja. Rais alikuwa Muislamu, na waliovunja walidai kufanya hivyo kwa ajili ya Uislamu. Serikali iliwakamata wahusika. Mwinyi anakumbukwa hadi leo, na Waislamu na Wakristo, kwa msimamo wake kwamba kila mtu ale anachokiamini na asimzuie mwenzake. Katika nchi ambayo watu wa dini mbili huzikana na kuozana, kauli hiyo ilikuwa na uzito kuliko bajeti nyingi, na mabaa ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, yaliyojaa jijini leo yamesimama juu yake.

Tukiangalia nani alipata nini, picha haiko sawa. Wawekezaji walitungiwa sheria mwaka 1990, ikiwa na ulinzi wa mali na misamaha ya kodi. Mabenki binafsi yalipata sheria yao 1991, vyama 1992, wenye redio na televisheni 1993. Hawa waliandikiwa, na kilichoandikwa hudaiwa mahakamani. Wengine walipewa kauli.

Wengine walilipishwa. Kuanzia 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Viwanda vya nguo vilishindwa kushindana na marobota ya mitumba na vitambaa vya nje. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zikadorora, na Urafiki, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, ikapunguza watu. Huko Loliondo, kitalu cha kuwindia kilichotolewa mwaka 1992 kwa mwekezaji kutoka Falme za Kiarabu kilizua kashfa iliyoandikwa na Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi. Wamasai waliokuwa wakichunga hapo waligundua kuwa ruksa ya mmoja inaweza kuwa marufuku ya mwingine. Mwaka 1994 wafadhili walisitisha misaada kwa sababu ya kodi zilizosamehewa au kutokusanywa. Ruksa ilikuwa imepanda hadi mahali ambapo haikupaswa kufika.

Machinga, yaani mchuuzi wa mitaani, alibaki katikati. Kijana mwenye miwani na mikanda mkononi, au mama mwenye beseni la vitumbua kando ya kituo cha basi, ndiye aliyefaidi ruksa mapema kuliko wote na ndiye aliyeibeba kwa wepesi kuliko wote. Jina la Nguvu Kazi, lililokuwa la msako, lilikuja kuwa jina la leseni nafuu ya wafanyabiashara wadogo. Leseni ilimtambua kuwa ana kazi. Haikumwambia asimame wapi. Hapo ndipo ugomvi wake na mgambo wa jiji ulipojificha kwa miaka yote iliyofuata: siku moja beseni linapita, siku nyingine linamwagwa, na sheria ndogo za jiji ni zile zile.

Kila uongozi uliofuata umelirudia suala hili kwa kauli mpya. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, na mwenye nacho akahakikishiwa kuwa hatabughudhiwa. Vijana walilipa, wakavivaa shingoni, wakaongeza meza hadi katikati ya barabara za Kariakoo. Magufuli alifariki Machi 2021. Miezi saba baadaye wakuu wa mikoa walitekeleza agizo la kuwapanga upya, vibanda vya kando ya barabara vikabomolewa, na waliokuwa na vitambulisho wakahamishwa pamoja na wasiokuwa navyo.